Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje kuhusu Sudan Kusini

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Amu, yaani Lamu, na usishangae mtu wa pwani kuhangaikia Juba. Tarehe 2 Machi 2012 nilisimama juani Magogoni na marehemu baba, tukiwatazama Rais Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia wakizindua ujenzi wa bandari ya Lamu. Nchi ya Kiir ilikuwa haijatimiza mwaka. Baba alikuwa mvuvi, na madema yake aliyatega maji yale yale. Akaniambia, "Hawa wenzetu wamepata uhuru juzi. Wacha wapate na bahari."

Bahari iko. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, sasa yako matatu. Mafuta yao, yaliyotarajiwa kupita hapa, bado yanapita kaskazini hadi Port Sudan, katikati ya vita vya jirani; bomba lilipopasuka Februari 2024, watumishi wa serikali walikaa miezi bila mshahara. Lakini sikuandikii kwa ajili ya mapipa.

Nakuandikia kwa sababu watu wale hawajapiga kura tangu Januari 2011, walipotia dole gumba na karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga. Tangu hapo nchi imo mikononi mwa majenerali. Desemba 2013 walinzi wa rais walirushiana risasi Juba, vita vikaenea; Julai 2016 vikarudi. Mkataba wa amani wa 2018 uliahidi jeshi moja, na hadi leo makamanda wana watu wao. Mawaziri na magavana hufutwa kwa amri inayosomwa kwenye runinga. Riek Machar, makamu wa kwanza wa rais na hasimu wa Kiir, alizuiliwa nyumbani kwake Machi 2025. Uchaguzi umesukumwa mbele mara kwa mara, sasa wanasema Desemba 2026.

Kenya si mpita njia hapa. Mkataba wa Januari 2005 uliowafungulia mlango wa uhuru ulitiwa sahihi Nairobi, na mazungumzo ya amani ya 2024, yaliyoitwa Tumaini, tuliyaandaa sisi. Basi nakusihi, Mheshimiwa, usiketi tena na wenye bunduki peke yao. Mama aliyekimbia na wanawe hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma naye apewe kiti pale mezani, tena cha mbele. Na umwambie Rais Kiir waziwazi kwamba Kenya haitabariki kuahirishwa kwengine.

Baba hakuliona hata pipa moja, na hakulilalamikia. Ila kila redio ilipotaja Juba, aliacha kushona wavu akaniuliza, "Wameshapiga kura?"