Nitumie vipimo, usinitumie hela

Nairobi, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, na picha ya ile seti ya gofu nimeikuza mpaka maandishi ya kwenye shafti, ule mpini wa fimbo, yakasomeka. Sikuzungushi: usiinunue. Na hela usinitumie, maana ukinitumia nitakuonea haya, nitakwenda kuichukua, kisha utanilaumu miaka kumi.

Najua kilichokunasa. Muuzaji kakwambia hizo ni X100, shafti za Tiger Woods. Hapo hakusema uongo, Tiger kazitumia miaka na miaka. Lakini hiyo X ni alama ya ugumu. Ni chuma kizito kisichotaka kupinda, kimekusudiwa mtu ambaye draiva yake, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ikifika kwenye mpira inakwenda zaidi ya maili 110 kwa saa. Mimi nilipimwa kwa mashine mwaka jana nikatoa 86. Wewe, na hilo tumbo la biriani, tuseme 85 tusigombane. Kwa mwendo huo X100 ni nondo ya kujengea. Mpira unatoka chini chini, unakimbilia kulia, na vidole vinabaki na ganzi.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Seti yangu niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, nikaona nimeokota dhahabu. Miaka mitatu mipira yangu yote ilikwenda kulia. Nikalipa mwalimu, nikabadilisha mshiko, nikahamisha mguu, nikafika mahali pa kumlaumu mke wangu kwamba ananiamsha vibaya. Mwalimu naye kila wiki ananigundulia kosa jipya na kila wiki napokea risiti.

Siku moja nikaenda kwa fundi mmoja wa fimbo hapa mjini. Hakuniuliza nacheza vipi. Alichukua aironi yangu namba 7, yaani fimbo ya kichwa cha chuma, akabandika utepe chini ya kichwa, pale panapogusa nyasi, akaweka ubao wa plastiki sakafuni na mpira juu yake. "Piga." Nikapiga mara tano. Akaigeuza fimbo akanionyesha: utepe umechubuka upande wa ncha peke yake, sehemu ya katikati ni safi kama ulivyotoka dukani. Yaani mimi na urefu wangu huu wa mnazi nilikuwa na fimbo fupi iliyolala mno. Kila nikipiga, ncha inatangulia kugusa chini, kisigino, ule upande ulio karibu na shafti, kinainuka, na uso wa fimbo unaangalia kulia. Ungechubuka upande wa kisigino, ingekuwa kinyume chake, mpira ungekwenda kushoto. Alama ikikaa katikati, fimbo ni yako. Kipande cha utepe, swahiba, kimenieleza nilichokuwa nikimlipa mwalimu miaka mitatu.

Hakuniuzia seti mpya, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alikibana kila kichwa kwenye jiliwa, akakipinda kwa mtaimbo digrii mbili huku akipima baada ya kila mvuto. Kwanza lakini alihakikisha ni chuma cha kufuliwa, kwa sababu cha kumiminwa ukikipinda sana kinaweza kukatika mkononi. Kisha akang'oa shafti ngumu akatia laini zaidi, zilizozidi nusu inchi, na gripu, ule mpira wa kushikia, nene kidogo. Basi.

Sasa nikurudishe Nyali, Mombasa, enzi zetu za kubeba mifuko. Unakumbuka aironi za kampuni ya PING zilizokuwa na vidoti vya rangi? Wewe ulinishikilia kwamba nyekundu ni za wanawake, na tulitaka kupigana nyuma ya kibanda cha makedi. Wote wawili tulikuwa mbumbumbu. Kidoti ndicho kipimo chenyewe. Cheusi ni mlalo wa kawaida, chekundu fimbo imelala zaidi, cha buluu imesimama zaidi. Mwenye kampuni alikuwa Karsten Solheim, mzaliwa wa Norwei, mhandisi aliyeanza gofu akiwa mtu mzima wa miaka 40 na kitu. Puta yake ya kwanza, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, aliitengeneza kwenye gereji ya nyumbani kwake California mwaka 1959, na jina PING ni ule mlio wa puta ikigusa mpira. Ninachompendea zaidi ni kwamba kabla ya uhandisi aliwahi kuwa fundi viatu. Mtu aliyezoea kupima miguu ya watu hawezi kuamini kwamba fimbo moja inamtosha kila mtu.

Hao mabingwa nao, usidanganywe na nembo za kwenye kofia. Mtazame Bryson DeChambeau. Aironi alizochukulia US Open mara mbili, 2020 na 2024, zote zilikuwa na urefu mmoja, takriban ule wa namba 7. Wengi wa wenzake hawakumuiga, na yeye hakuwaiga. Au kisa cha PGA Championship ya 2025 pale uwanja wa Quail Hollow, Marekani: draiva ya Rory McIlroy ilipopimwa kabla ya mashindano ikaonekana imepita kiwango. Si kwamba aliiba. Uso wa draiva ukipigwa maelfu ya mara kwa nguvu zile huchakaa na kuanza kurusha mpira kuliko sheria inavyoruhusu. Ya Scottie Scheffler nayo ikakataliwa, na kombe akalibeba yeye, kwa draiva nyingine. Kwa hiyo uchawi haumo ndani ya ile fimbo moja. Vipimo vyake vikijulikana, nyingine inaundwa.

Kitu kingine: akikwambia mtu wa Nairobi kwamba namba 7 yake inafika yadi 160, usikimbilie kujipangia fimbo kwa hesabu hiyo. Huku tuko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na mpira unaelea. Hata wanaokuja kucheza Kenya Open hutumia siku za mazoezi kujipimia yadi upya. Huko kwako baharini, kwa namba hiyo hiyo, utaangukia kwenye mchanga.

Sasa fanya hivi. Vaa viatu vyako vya kuchezea, simama wima kwenye sakafu iliyo sawa, uiachie mikono ining'inie. Shemeji akupime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono mpaka sakafuni. Usijipime mwenyewe, ukiinama tu umeharibu. Niandikie hiyo sentimita, kimo chako, namba ya glavu, na mpira wako unakimbilia wapi ukikosea. Sema kweli, si unavyomwambia jirani. Wewe ni mfupi na mikono yako ni mirefu, huenda ukatoka kidoti chekundu. Nipate kabla ya Ijumaa, fundi anasafiri mwisho wa mwezi.

Na ile puta ya marehemu mzee, nasikia unataka kumwongezea muuzaji apunguze bei. Thubutu! Tiger alishika Newport 2 yake mwaka 1999, na katika makombe yake makubwa 15, 14 kayachukua na puta hiyo hiyo. Ya mzee inakukaa jichoni tangu utotoni. Ifute kutu kwa mafuta ya cherehani, uifunge kwenye kitambaa. Nikija Idi nitakuletea gripu yake mpya.

Wasalimie nyumbani, na watoto wote.

Mimi, kedi mwenzio