Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: nani anawapokea wanaotoka gereza la Shimo la Tewa?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia wewe, wala si Kamishna wa Magereza, kwa sababu mtu akishavuka lango la Shimo la Tewa ni mgonjwa wako. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka magereza chini ya serikali ya kitaifa, na zahanati na hospitali za mashinani chini ya kaunti. Kwa anayekunywa methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, kila siku, au anayedungwa sindano ya ugonjwa wa akili kila mwezi, mpaka huo ndipo dawa inapokatika.

Mimi ni mshauri nasaha hapa Kisauni. Ninaowahudumia ni watu wenye uraibu na maradhi ya akili, na wengi wao wamepita jela, wengine mara kadhaa. Ombi langu ni moja: kaunti iwe na mtu anayejulikana kwa cheo na nambari ya simu, mwenye jukumu la kuhakikisha kwamba kila anayetoka jela na matatizo haya amefika kliniki ndani ya wiki ya kwanza. Siombi jengo wala kongamano.

Nasema wiki ya kwanza kwa sababu hapo ndipo wanapokufa. Mwili uliokaa miezi bila unga, yaani heroini, hauwezi tena kuhimili kiasi ulichokizoea. Mtu anatoka, anakuta wenzake maskani, kijiwe wanakotumia unga, anarudia kipimo kile cha zamani, na pumzi inakata. Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 walioachiliwa, wakachapisha matokeo mwaka 2007: katika wiki mbili za mwanzo hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine, na chanzo kikubwa kilikuwa dawa za kulevya kupita kiasi. Mitaani kwetu kijana akikutwa amekufa alfajiri, huzikwa kabla ya alasiri, na hakuna anayeuliza alitoka jela lini.

Ofisi zetu hupanga mambo zikimfikiria mfungwa mwenye tarehe ya kutoka inayojulikana: wiki chache kabla ya siku hiyo aitwe, aandikiwe barua, aagwe. Mheshimiwa, wengi wanaopita Shimo hawana tarehe. Ni mahabusu. Asubuhi anapandishwa gari kwenda korti ya Shanzu au ya Mombasa, kesi inaondolewa au ndugu wanalipa dhamana, na saa nane mchana yuko barabarani, huru, hana nauli. Dawa zake zimebaki jela. Faili lake la matibabu limebaki jela. Muuguzi aliyekuwa akimpa dawa hana habari mpaka jioni, jina likiitwa na mtu hayupo.

Kwa hiyo matayarisho ya kutoka yaanze siku anayoanza dawa. Barua ya rufaa iandikwe siku hiyo, ikae tayari, ihuishwe kila dawa inapobadilishwa, na nakala aitunze afisa wa probesheni aliye kortini. Maafisa hao tayari wako kortini kila siku, kwa kuwa mahakimu huwaagiza ripoti. Hakuna anayepaswa kuajiriwa upya kwa hili. Mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia ARV akihama kituo hupewa barua ya uhamisho, na utaratibu huo unajulikana hadi kwenye zahanati ndogo. Mgonjwa wa akili kwa nini atoke mikono mitupu?

Ugumu wa methadoni naueleza kidogo zaidi, maana viongozi wengi huidhania kama vidonge vya kubeba mfukoni. Inanywewa dirishani, mbele ya muuguzi, kila siku ya Mungu. Ilianza kutolewa nchini Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata ikafika Malindi na hapa Kisauni. Imeokoa watu ninaowajua. Ila mtu akikosa siku chache mfululizo, hawezi kurudishiwa kipimo alichokuwa nacho, kwa kuwa kinaweza kumuua, hivyo inabidi aanzie chini tena, na siku zile za kuanzia chini arosto, maumivu ya kukosa unga, inamtafuna. Sasa mfikirie wa Likoni aliyeachiliwa Ijumaa jioni. Kivuko cha feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini matatu si bure. Kama hakuna aliyepiga simu kliniki kusema "huyu atakuja kesho, kipimo chake ni hiki, mara ya mwisho alikunywa leo asubuhi", Jumamosi hatapewa. Jumapili atakuwa maskani.

Halafu kuna kitambulisho. Wengi hukipoteza siku ya kukamatwa. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, asiye na kitambulisho hukwama kabla hata ya kufika kwa daktari. Mtu anayesikia sauti kichwani hatapanga foleni ya Huduma Centre peke yake kuomba kitambulisho kingine.

Nimesema dawa, lakini anayeamua kama mtu atabaki kwenye dawa mara nyingi ni mama yake. Familia zimechoka, na zina haki ya kuchoka. Zimeibiwa runinga na mitungi ya gesi, zimeuza kiwanja kulipa wakili, zimetukanwa na majirani. Kijana mmoja niliyemfuatilia alitoka akiwa ametulia kabisa kwa sindano ya kila mwezi. Nyumbani hakuna aliyeambiwa kwamba kuna sindano. Mama yake aliona mtoto amepona, akamshukuru Mungu, akamtafutia kazi ya kubeba mizigo soko la Kongowea. Sindano iliyofuata ilipita, na iliyofuata tena ikapita. Alipoanza kuvunja vyombo usiku, jirani hakumwita muuguzi, alimwita polisi. Akarudi ndani. Mama yule aliniuliza kitu kimoja tu: kwa nini hawakuniambia? Ziara moja nyumbani kabla hajatoka ingetosha, kwa mtu anayezungumza lugha ya mama yule, anayekaa mkekani kumweleza dawa ni ipi, inadungwa lini, na dalili za kuangalia ni zipi.

Ziara hiyo hufanywa vizuri zaidi na mtu aliyewahi kuwa kwenye unga mwenyewe akaacha. Wanajua maskani zote, na mlango anaofungiwa afisa wao hufunguliwa. Lakini tunawatumia kama vibarua: nauli leo, kesho hakuna. Wapewe mkataba na mshahara wa kila mwezi, na wawe na msimamizi wa kuwasikiliza, kwa sababu kazi hii inawarudisha kila siku palepale walipotoka. Nimeona wenye moyo wakirudia unga kwa kuachwa peke yao.

Naomba pia orodha ya wagonjwa hawa isifike kituo cha polisi, hata kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda. Siku mtaa utakaposikia kwamba kliniki inatoa majina, dirisha la methadoni litabaki bila watu, na itachukua miaka kurudisha imani hiyo.

Si hisani ninayoomba. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa 2022, inazitwika serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili, zikiwemo za ndani ya jamii. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, kanuni ya 110, zinataka matibabu ya akili yaendelee baada ya mtu kuachiliwa. Na Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu serikali ya kitaifa na kaunti kuunda kamati za pamoja. Basi Magereza, Probesheni na idara yako mna ruhusa ya kukaa pamoja.

Kwa miaka mingi mzigo huu umebebwa na mashirika kama MEWA na Reachout Centre Trust, kwa kiasi kikubwa kwa fedha za wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi huduma inavyoweza kutikiswa kwa saini ya mtu aliye mbali nasi. Huduma ambayo mtu akiikosa wiki moja anaweza kufa iwe na fungu lake katika bajeti ya kaunti, hata kama ni dogo.

Na mkitupima, msitupime kwa idadi ya warsha. Ulizeni hivi: kati ya waliotoka mwezi huu wakiwa kwenye dawa, wangapi walionekana kliniki ndani ya siku 7, na wangapi bado wanakuja siku ya 90? Takwimu hizo mbili zibandikwe ukutani ofisini kwako kila mwezi, hata zikiwa za aibu.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba. Naomba cheo hicho na fungu lake viwemo. Kwa sasa, ukiwaagiza muuguzi wa kliniki, mhudumu wa afya wa gereza na afisa wa probesheni wa Shanzu wakae meza moja kila Alhamisi wakiwa na majina ya wanaotarajiwa kortini wiki inayofuata, kazi inaweza kuanza na watu waliopo. Sisi wa mitaani tutakuja tukiitwa.

Wako katika kazi,
Mshauri nasaha, Kisauni