Oda ya korona 20 haiishindi Tanga, inaishinda karakana moja

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi niseme na wenye karakana wa Tanga, pamoja na wanaowapa kazi, juu ya mashine ndogo za kuchakata mkonge, ziitwazo korona, ambazo wakulima wadogo wa Korogwe na Muheza wanazihitaji sana. Jani la mkonge likishakatwa halingoji mtu. Likilala zaidi ya siku mbili maji yake hukauka, singa, yaani nyuzi za mkonge, hutoka na madoa na daraja hushuka. Tena kilo 100 za majani mabichi hutoa kama kilo 4 tu za singa kavu, kwa hiyo anayepeleka majani kwenye korona ya mbali analipa gari libebe maji. Zinatakiwa korona ndogo nyingi, karibu na mashamba.

Mafundi wa kuziunda tunao. Lakini ushirika ukija na oda ya mashine 20, mwenye karakana huikataa, au huipokea peke yake akachelewa mpaka mteja akaenda kwingine. Hesabu ya kukereza tu, yaani kuchonga chuma kikiwa kinazunguka kwenye mashine, inatosha kuonyesha sababu. Tuseme shafti, pulei mbili na ngoma inayobeba visu vinakula saa 15 za kukereza kwa korona moja. Mashine 20 ni saa 300. Karakana yenye mashine moja ya kukereza, ikifanya kazi saa 8 kwa siku bila umeme kukatika, itamaliza kwa siku 38. Karakana tatu zikigawana saa hizo, ni siku 13.

Dawa inayotajwa kila mara ni mkopo wa kununua mashine mpya. Siikubali. Mashine hiyo itafanya kazi muda wa oda, kisha itasimama riba ikiendelea kuhesabiwa, na mtaa wa pili ipo nyingine iliyosimama vilevile. Kata ya Ota jijini Tokyo imejaa viwanda vya watu wachache vilivyozoea kupokezana kazi: huyu anakereza, jirani anasaga, mwingine anamalizia. Sialkot, Pakistani, mkasi mmoja wa daktari hupita karakana kadhaa kabla haujang'arishwa. Italia ilitunga sheria mwaka 2009 inayoruhusu kampuni kusaini mkataba wa mtandao huku kila moja ikibaki na jina lake na hesabu zake. Hakuna aliyemeza mwenzake.

Kwetu majaribio ya namna hii huvunjika siku ya kuunganisha. Vipuri vinafika, na havikai. Hapo kila fundi anamnyooshea mwenzake kidole, na wote wana ushahidi: kalipa zao, vifaa vya kupimia unene. Kalipa mbili za karakana mbili, moja imelika midomo, zinaweza kupishana kabisa juu ya shafti ileile. Joto nalo lina yake. Shafti ya milimita 50 ikipimwa imetoka tu kwenye mashine, ikiwa na nyuzi 40 zaidi ya hewa ya nje, inaonekana nene kwa kama milimita 0.02. Ikipoa imepungua, na fundi anaapa aliipima sawasawa. Kweli aliipima.

Kwa hiyo kabla ya kugawana kazi, mgawane kipimo. Kwa shafti inayoingia kwenye beringi ya UCP 210, yaani beringi yenye kitako chake ya shafti ya milimita 50, mchoro useme isizidi milimita 50.00 wala isipungue 49.96. Kisha itengenezwe geji ya chuma kigumu yenye midomo miwili: mmoja shafti ipite, wa pili isipite. Kila karakana ipewe ya kwake, na geji mama ikae mahali pasipo na biashara ya korona. VETA, chuo cha ufundi, au SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Tanga pangefaa. Ubishi wowote uamuliwe na geji mama, shafti ikiwa imepoa.

Bolti ni jambo dogo linaloharibu mashine kubwa. Madukani kwetu bolti za M12, yaani za milimita 12, na za nusu inchi hulala kwenye ndoo moja. Nati ya nusu inchi huingia kwenye bolti ya M12, ikashika nyuzi chache, ikaonekana imekaza. Korona ikitetemeka siku mbili, imeachia. Andikeni kwenye mchoro kwamba mashine nzima ni ya milimita, na bolti zote zinunuliwe na mtu mmoja.

Kwa wachomeleaji: msitoboe fremu kabla ya kuichoma. Mshono mrefu ukichomwa upande mmoja huivuta fremu milimita kadhaa, na matundu ya beringi, ambayo yanatakiwa kuwa milimita 159 kati kwa kati, hayaelekeani tena na ya upande wa pili. Fundi anayelazimisha bolti hapo anapinda shafti bila kujua, na beringi inakufa mapema. Chomeni kwa vipande vifupi mkibadilisha pande, acheni fremu ipoe, kisha toboeni milimita 17.5 kwa bolti ya M16 mkitumia kibati cha kuongozea drili, kibati kilekile kwa fremu zote 20.

Wanaosubu pulei nao wakumbuke kwamba chuma hunywea kikipoa, kama asilimia 1, kwa hiyo modeli ya mbao iwe kubwa kwa kiasi hicho, na ziada ya milimita 3 ya kukereza. Mkanda wa B, wenye umbo la V, ukae kwenye kuta za mfereji. Ukigusa chini, unateleza na kuungua.

Ngoma ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Kisu kimoja kikimzidi mwenzake wa upande wa pili kwa gramu 200 tu, kikiwa milimita 250 kutoka katikati, ngoma ikizunguka mara 700 kwa dakika, kinaivuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 27 katika kila mzunguko. Na mbele ya ngoma hiyo amesimama kijana anayelisha majani kwa mikono. Visu vyote vya oda vitengenezwe na karakana moja, vipimwe kwenye mizani ya gramu, vinavyolingana vifungwe kwa kuelekeana. Kisha shafti ilazwe juu ya reli mbili zilizosawazishwa. Upande mzito utashuka wenyewe, upunguzwe mpaka ngoma itulie popote inapoachwa. Kazi hii isiharakishwe hata mteja akiwa mlangoni.

Sasa fedha. Mtandao unahitaji kampuni kiongozi: inasaini na mteja, inapokea malipo ya awali, inakagua, inaunganisha, inabeba dhamana, na inalipwa asilimia iliyoandikwa tangu mwanzo. Chuma chote kinunuliwe na kiongozi huyo. Kwanza, chuma kinakuwa cha aina moja. Pili, kiongozi aliyesajiliwa VAT atadai kodi ya asilimia 18 aliyoilipa dukani. Kikinunuliwa na karakana isiyosajiliwa, haiwezi kutoa ankara ya VAT, na kodi hiyo inabaki kuwa gharama ndani ya bei ya korona. Karakana nyingine zitoze kazi tu, na zilipwe kipuri kinapopita kwenye geji, si mteja anapomaliza deni. Kumfanya mkerezaji angoje ushirika ulipe ndiko kunakomfanya aweke kazi yako chini ya meza.

Mkataba useme wazi nani anabeba kipuri kilichokataliwa: karakana irudie kwa nguvu zake, na chuma ilipie yenyewe kama kosa ni lake. Kosa likiwa la mchoro, kiongozi alipe vyote. Sehemu ya malipo, hata asilimia 5, izuiwe mpaka mashine imalize msimu wa kwanza.

Angalizo moja la kisheria. Kuomba zabuni kwa ubia ulio wazi ni sawa. Kukaa pembeni na kupangiana bei huku kila mmoja akijifanya mshindani ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Nanyi mnaonunua, halmashauri na vyama vya ushirika, msiweke masharti yanayodai mwombaji mmoja awe na mitambo yote chini ya paa lake.

Msianze na 20. Undeni korona tatu, zifungueni zote, changanyeni vipuri sakafuni, kisha mziunde upya kwa kuokota chochote kilicho karibu. Popote fundi atakapohitaji tupa au nyundo, rudini kwenye mchoro na geji ya kipuri hicho kabla ya kupokea malipo ya awali ya mtu.

Fundi mitambo,
Ngamiani, Tanga