Njoo Kariakoo Desemba hii

Dar es Salaam,
Novemba

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka Dar. Mvua za vuli zinakuja na kuondoka, joto limepanda, na Kariakoo imeshaanza kujaa.

Uliniuliza kama kazi ya duka msimu wa sikukuu inalipa, na kama msomi wa chuo kikuu akionekana anauza magauni ya watoto Mtaa wa Kongo hatachekwa. Naanza na hilo la pili maana ndilo linalokuzuia. Mama aliyetoka Mbagala na watoto watatu, anayewahi kurudi kabla ya foleni, anataka saizi, rangi na bei. Unasoma nini haimhusu. Bosi wetu ndiye anayejali, na anatutafuta wanachuo kwa makusudi: anataka mtu mwepesi wa hesabu, anayeandika daftari likasomeka, asiyemkunjia mteja uso.

Malipo ni elfu kumi kwa siku, chakula cha mchana juu ya bosi, na ukiuza zaidi ya bei aliyopanga, cha juu mnagawana. Si pesa ya kujengea nyumba. Lakini unajua Januari ya chuo ilivyo, bumu la mkopo halijaingia na mwenye chumba anagonga mlango. Mwaka huu nililipa kodi yangu mwenyewe, nikamnunulia mdogo wangu sare na madaftari ya kuanzia kidato cha kwanza. Mama alinyamaza kwenye simu, kisha akaniombea dua ndefu.

Sasa sikiliza hili, wewe mwanauhasibu. Gauni la mtoto la sikukuu tunalichukua kwa jumla 144,000 kwa dazeni, yaani 12,000 kila moja. Mwanzoni mwa Desemba tunataja 25,000, mteja anauliza "mwisho ngapi?", mnavutana, anaondoka nalo kwa 20,000. Desemba iliyopita, tarehe 23 jioni, bosi akatuambia tuachie hata kwa 14,000. Nilishangaa, maana mtaa ulikuwa umefurika na watu walikuwa bado wananunua. Akanieleza huku mikono yake inaendelea kukunja nguo: Krismasi ikipita, gauni la lesi linalala stoo likisubiri Idi, na pesa iliyolala ndani yake ndiyo anayoitaka tarehe 27 akachukulie mashati meupe, sketi na kaptura za bluu, mabegi na madaftari. Shule zinafunguliwa Januari na sare mzazi hana namna ya kuikwepa. Kwa hiyo faida ya elfu mbili ya leo, itakayozunguka tena ndani ya wiki chache, anaiona bora kuliko elfu nane ya kusubiri miezi. Mzunguko wa bidhaa nilishausoma darasani na mtihani wake nikaufaulu, ila sikuwahi kumwona mtu akiutumia kuamua jambo kwa pesa yake mwenyewe, saa hiyo hiyo, wateja wakiwa wamemzunguka. Mafunzo kwa vitendo niliyokwenda ofisini yalinipa mafaili ya kupanga. Hapa walinipa pesa za watu na jioni tukafunga hesabu pamoja.

Utajifunza watu pia. Mteja akirudia kushika kitambaa mara ya pili, acha kumsifia, mpimishe mtoto wake nguo. Anayechukua mzigo wa kupeleka Lubumbashi au Lusaka havutani na wewe kwa gauni moja. Anauliza dazeni ngapi zipo na kama saizi zimetimia, na ukisitasita anakwenda duka la pili. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, toa kila unapouza hata asipoiomba, sheria inawabana wote wawili.

Utachoka, sikufichi. Kutwa umesimama, miguu inavimba, vaa raba, na simu iwe ndani ya nguo maana vibaka huongezeka msimu huo. Malipo yako dai kila jioni na mkubaliane siku ya kwanza kabisa. Kuna mwenzetu aliahidiwa kwenye duka moja kwamba angelipwa msimu ukiisha, mpaka leo anazungushwa, na inaniuma kwa sababu alifanya kazi kuliko sisi. Wapo pia watakaokushawishi uwe winga, utafute wateja barabarani uishi kwa cha juu. Anza dukani kwanza uijue bidhaa. Na kama una sapu, yaani mtihani wa marudio, wa kujiandalia, baki Dodoma usome, msimu mwingine utakuja.

Nauli ya treni ya SGR kutoka Dodoma, daraja la kawaida, ni 31,000, na stesheni si mbali na Kariakoo. Kwangu Manzese godoro la ziada lipo, asubuhi tutakuwa tunatoka pamoja. Ila bosi anapanga watu wake kabla ya tarehe 10 Desemba hata kama wataanza baadaye, kwa hiyo nijibu wiki hii, uniambie mnafunga lini, nimpelekee jina lako. Njoo na kitambulisho cha chuo na cha NIDA, ataviomba vyote.

Nisalimie wote hapo bwenini.

Ni mimi shoga yako,
wa Manzese