"Hiyo roboti ya mkono mnayo?"

Swali hili linatufikia karibu kila wiki, na mara nyingi linakuja na video. Binti kamleta baba yake aliyepata kiharusi miezi minne iliyopita. Mzee hajakaa sawasawa kwenye kiti, simu imeshatolewa: mtu amefungwa mkono kwenye mashine, mkono unakwenda na kurudi, na chini yameandikwa maneno kwamba amepona. "Daktari, hii mnayo?" (Sisi si madaktari, ni wataalamu wa mazoezi tiba, ila tumeshachoka kusahihisha.)

Hatuna. Na kabla hamjauza kiwanja mkaifuate India, tuzungumze kidogo.

Mashine hizi si ngeni. Iliyo maarufu kuliko zote, MIT-Manus, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1989 na kina Neville Hogan na Hermano Igo Krebs wa chuo cha MIT. Mgonjwa anakaa mezani, mkono uliolegea unalazwa kwenye kishikio na kufungwa mikanda. Mbele yake kuna skrini yenye vidoti vilivyopangwa duara. Kimoja kikibadilika rangi, apeleke mkono huko. Mashine inasubiri. Akishindwa kuanza, inamsukuma polepole. Akianza mwenyewe lakini mkono ukapotea njia, inamrudisha. Akiweza, inamwacha. Kadiri anavyopata nguvu ndivyo inavyopunguza msaada, kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli huku ameshika kiti.

Halafu anarudia, na kurudia. Katika utafiti uliofanyika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa 2010 kwa wagonjwa 127, waliotumia roboti walifanya karibu mijongeo 1,000 kwa kila kipindi, vipindi 36 ndani ya wiki 12. Kumbuka hiyo 1,000. Watafiti wengine wa huko Marekani na Kanada waliwahi kukaa pembeni ya vipindi vya kawaida vya mazoezi na kuhesabu mgonjwa anautumia mkono kwa vitendo halisi mara ngapi. Wastani ulikuwa 32. Ni sawa na mashimo ya bao la kete: mara moja kila shimo, basi, nenda nyumbani.

Sasa matokeo, ambayo kwenye video hayapo. Utafiti huo wa 2010 ulikuwa na kundi jingine lililofanyishwa marudio mengi vilevile, ila na mtu badala ya roboti. Roboti haikumshinda mtu. Uingereza nao wakajaribu kwa wagonjwa 770, matokeo yakatoka 2019: dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Kwenye kazi zenyewe za mkono, yaani kushika, kubana na kuinua vitu, waliotumia roboti hawakuwapita kwa maana wale waliopata huduma ya kawaida. Mkono ulijongea vizuri zaidi kwa muda, lakini kujongea ni jambo moja na kufunga kifungo cha shati ni jingine.

Hatusemi mashine ni utapeli. Ukikusanya tafiti nyingi pamoja, inaonekana inaongeza nguvu ya mkono kwa kiasi fulani, na kwa mtu ambaye mkono haunyanyuki kabisa ni njia nzuri ya kumpatia marudio. Hospitali yako ikiwa nayo, itumie. Tunachokataa ni kuuziwa chuma kana kwamba ndicho dawa, wakati dawa ni marudio.

Kwetu marudio yanapatikana hivi. Meza imepanguswa ikawa kavu, taulo dogo limekunjwa chini ya kiganja, mgonjwa anasukuma mkono mbele hadi kiwiko kinyooke, anarudisha. Mwanzoni mtaalamu anashika kiwiko na kusaidia. Wiki zikienda anaachia. Pembeni kuna bakuli la maharage: kila marudio kumi, harage moja linahamia kikombeni, na likihamishwa kwa mkono ule ule mgonjwa, bora zaidi. Wazee wanaopenda bao tunawapa kete. Kuokota kete 64 kwa kidole gumba na cha shahada ni kazi kubwa, nayo haichoshi kama kuambiwa "bana, achia, bana, achia". Mzee mmoja alikuwa anatugombeza tukimsimamisha kabla hajala kete.

Kuhusu zile glavu za upepo zinazouzwa mtandaoni, zinazoendeshwa kwa hewa ya pampu ya umeme: tulinunua moja. Inafungua na kufumba vidole vyenyewe, na kwa vidole vilivyokakamaa inasaidia kuvinyoosha. Lakini mgonjwa akiangalia televisheni huku glavu ikifanya kazi, ubongo haujafunzwa chochote. Mwambie ajaribu kufungua kwanza, kisha glavu imalizie. Na yetu umeme ukikatika ni soksi tu.

Jambo la bega, tafadhali lisikieni vizuri kuliko mengine yote. Mkono uliolegea hauvutwi. Msimwinue mgonjwa kitandani kwa kumshika mkono ule, wala msimpitishie mikono kwapani na kumnyanyua. Misuli inayoshikilia bega imelegea, mfupa unashuka kutoka mahali pake, na bega likishaanza kuuma mgonjwa atakataa mazoezi yote. Akilala, wekeni mto chini ya mkono. Akikaa, mkono uwe juu ya meza au mto, usining'inie.

Siku ya kwanza njooni na karatasi za hospitali, dawa anazotumia na yule ndugu anayelala naye nyumba moja, maana ndiye atakayehesabu maharage. Tutapima presha kabla ya kuanza, tutaona mkono unaweza nini, na mtaondoka na daftari lenye mazoezi matatu au manne tu. Malipo ni kwa kipindi, hatuuzi vifurushi vya miezi sita kwa mtu ambaye hatujamwona.