Risala ya akina mama tunaotunza kanga za kale, Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha wa Shehia yetu,
Wageni waalikwa na akina mama wenzangu,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mwenyewe. Mwaka jana tulikaa hapa hapa hadi adhuhuri, pilau likapoa, kisha akaja mwakilishi kutuletea salamu.

Historia tutaipitia mbio mbio. Bibi zetu waliivaa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts, biashara iliyonawiri baada ya Sayyid Said kutiliana mkataba na Marekani mwaka 1833. Ikitiwa nili iliitwa kaniki, na ndiyo nguo iliyomtambulisha mtumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikaikatisha merikani, nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi. Baadaye wanawake wa mjini wakawa wananunua leso za rangi, zile za kupigwa chapa, wakaziunga sita, tatu kwa mbili, zikawa nguo moja. Wenye maduka hawakulala: wakaagiza nguo nzima kutoka Ulaya, na majina, yale maneno ya kwenye kanga, yakaja kuandikwa, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakajifunga kanga.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumefungua akaunti ya benki, ingawa kwa sasa imepumzika. Tumenunua sufuria ya kukodisha kwenye shughuli. Kikundi pia kimefika kimataifa: watalii wawili kutoka Uholanzi walitutembelea, na mmoja alisaini kitabu.

Sasa, Mheshimiwa, tunaomba utege sikio.

Chumba tunachohifadhia kanga kinavuja. Masika yaliyopita tulitega mabeseni saba, na la nane tuliazima msikitini. Tunacho kisutu kimoja chekundu chenye weusi na weupe, ambacho familia iliyotukabidhi inasema alifungwa bibi wa bibi yao siku ya harusi. Hakina jina. Pembeni mwa pindo kuna kiraka kidogo, kimeshonwa kwa uzi mwekundu uliotafutwa ufanane, na ukipitisha kidole, mshono hauhisiki. Asubuhi moja tulikikuta mji wake, yaani sehemu ya katikati, umeingia kawa, madoa meusi yametapakaa kama pilipili manga iliyomwagika. Kawa haitoki kwa sabuni, na nguo ya umri ule ukiisugua inabaki mkononi.

Yaliyo katika uwezo wetu tumeyafanya. Zamani tulizikunja tukazipanga kwenye kasha na karafuu, tukaja kuambiwa kuwa mkunjo ndio unaokatika kwanza. Siku hizi tunazizungushia mabomba yaliyovishwa shuka safi, tunafungua madirisha siku za jua, na tunapeana zamu. Lakini zamu haizuii mvua, Mheshimiwa.

Tunaomba mabati 36 na mbao za kuyabeba. Tukijaaliwa, tunaomba pia kabati moja la droo pana, lenye miguu mirefu ili maji ya sakafuni yasilifikie. Fundi tunaye, ni mtoto wa mwenzetu, na chakula chake tutapika wenyewe.

Kwa heshima na taadhima tunakumbusha kuwa ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi mabati haya haya akiwa amesimama hapo hapo uliposimama. Tulipiga vigelegele, tukamfunga kanga mpya, akapigwa picha. Picha tunayo, imetundikwa ukutani, nayo imeanza kuvujiwa. Aliyemtangulia aliahidi kabati, akatutumia kalenda. Hatumlaumu mtu; kalenda ile imetusaidia sana kuhesabu miezi.

Kanga ya kukufunga wewe ipo, Mheshimiwa, doti nzima, na jina lake tumelichagua kwa makini. Ila safari hii kamati imeamua kitabu kitangulie. Kipo mezani mbele yako, ukurasa umepigwa mistari: ahadi, idadi, tarehe na sahihi. Kalamu ameishika Katibu.

Tunaomba kuwasilisha.