Wingi wa nyimbo si kipimo cha toleo jipya

Mhariri,

Safu yenu ya muziki imewashauri wapenzi wa kantri wanunue toleo lililopanuliwa la Almost Blue, albamu ya Elvis Costello ya mwaka 1981, kwa sababu moja tu: lina nyimbo nyingi kuliko santuri ya awali. Kulinunua ni sawa kabisa. Sababu iliyotolewa ndiyo yenye kasoro, kwani msomaji akiifuata atalisikiliza vibaya, au atauziwa toleo ambalo silo.

Albamu yenyewe ni nyimbo 12, dakika 33 hivi. Costello, Mwingereza aliyejulikana kwa roki ya kasi na maneno makali, alisafiri Mei 1981 hadi Nashville, kitovu cha muziki wa kantri kule Marekani, na kundi lake la Attractions: Steve Nieve kwenye piano, Bruce Thomas kwenye besi, Pete Thomas kwenye ngoma. Mtayarishaji alikuwa Billy Sherrill, fundi wa santuri za nyota wa kantri Tammy Wynette, Charlie Rich na George Jones. Hakuna hata wimbo mmoja uliotungwa na Costello humo. Ni za Hank Williams, Merle Haggard, Don Gibson, Gram Parsons na wenzao. Nakala za Uingereza zilibandikwa karatasi ya kuwaonya wenye mawazo finyu kwamba ndani mna muziki wa kantri. Hata hivyo “Good Year for the Roses”, ambao George Jones alikwisha kuuimba mwaka 1970, ulipanda hadi nafasi ya 6 nchini humo.

Anayezisikia hizo 12 peke yake anaweza kudhani mtu huyu aliamka asubuhi moja akajivika kofia ya Nashville. Nyimbo za ziada ndizo zinazoonyesha kwamba safari ilianza zamani, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Mapema, Costello alikuwa ametunga “Stranger in the House”, wimbo wa kantri tupu ambao haukupata nafasi kwenye albamu yake ya kwanza. Mwaka 1978 ukatolewa bure, kama santuri ndogo, kwa wanunuzi wa mwanzo wa This Year's Model. Mwaka 1979 ukatoka tena, safari hii akiuimba pamoja na George Jones mwenyewe, na mtayarishaji ni Sherrill yuleyule. Mwaka huohuo, katika ukumbi wa Palomino kule North Hollywood, aliimba “Psycho” ya Leon Payne mbele ya watu, na rekodi hiyo ni miongoni mwa nyimbo za ziada. Gitaa la stili, lile linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyaya, lilipigwa na John McFee, aliyekuwa kwenye albamu ya kwanza ya Costello mwaka 1977, na ndiye aliyeitwa tena Nashville. Kwa hiyo zisikilizeni nyimbo za ziada kwa kufuata mwaka wa kurekodiwa, hata kama kwenye diski zimepangwa vingine.

Sasa toleo lipi? Yako mawili ambayo watu huyachanganya. La mwaka 1994, la kampuni za Rykodisc kwa Marekani na Demon kwa Uingereza, lina diski moja: nyimbo 12 za asili, kisha 11 za ziada zikafuatia papo hapo. La mwaka 2004, la kampuni ya Rhino, lina diski mbili: ya kwanza ni albamu kama ilivyotoka, ya pili ni nyongeza zaidi ya 20, mmojawapo akiuimba na Johnny Cash. La Rhino ndilo la kununua. Santuri ya awali inafungwa na “How Much I Lied”, piano ya Nieve ikiwa imeubeba wimbo mzima, kisha kimya. Kimya hicho ni sehemu ya albamu. Kwenye diski ya 1994 unakipata kwa sekunde chache tu, halafu nyongeza zinaanza kumiminika. Wanaosikiliza kwa simu wana shida hiyohiyo. Dawa yake ni kutengeneza orodha yako ya nyimbo 12 za mwanzo, uzime uchezaji wa kuchanganya, na nyongeza uzitengee orodha ya pili.

Siku hizi toleo la Rhino hupatikana zaidi kwa mitumba, na hapo kuna mtego: kasha la diski mbili lenye diski moja. Fungua kabla ya kulipa. Iinue kila diski dhidi ya taa. Ukiona vitundu vya mwanga kwenye upande wa chapa, huenda utando wa alumini umebanduka, na ukibanduka hakuna dawa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni si ya kutisha sana, kwa kuwa mashine hufidia pengo dogo. Unaofuata mzunguko wa diski ndio unaoufanya wimbo ukwame, maana unafuta data nyingi kwa mfululizo. Ndiyo maana diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe.

Kuhusu ubora wa sauti, msidanganywe na ukubwa wa sauti. Diski nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zilibanwa kwa mitambo ili zisikike kwa nguvu, na sikio huipenda iliyo kubwa. Mkilinganisha matoleo mawili, sawazisheni kwanza ukubwa wa sauti wa yote mawili, ndipo mhukumu. Kisha sikilizeni gitaa la stili. Mpigaji hugonga waya akiwa amekanyaga pedali ya sauti nusu tu, na kadiri waya unavyofifia ndivyo anavyozidi kukanyaga, ndiyo maana noti huchanua taratibu badala ya kupasuka na kufa. Ukibana sauti kupita kiasi, kule kuchanua hupotea na stili huanza kufanana na kinanda cha umeme. 

Sauti ya nyongeza hupanda na kushuka, wala si ubovu wa diski yako. Nyingine zilinaswa ukumbini, nyingine studio, na kanda zenyewe si za aina moja. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayofyonza unyevu na kunata kwenye vichwa vya mashine. Hulazimika kuokwa polepole, joto la nyuzi 54 za Selsiasi hivi kwa saa kadhaa, ndipo zichezwe na kunakiliwa.

Naomba, mhariri, kila safu yenu itakapotaja toleo jipya la albamu ya zamani, iandike pia mwaka wa toleo, idadi ya diski, na nyongeza zinapoanzia.

Mpenzi wa santuri,
Eldoret